Gari ya fowilidraivu inavuma? Cheza na usukani kwanza

Kama 4x4 yako inavuma uuuu ukifika 60 au 80 na fundi ashaanza kukutajia difu (gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu), tafuta lami iliyonyooka isiyo na magari, mimi nilipima kipande cha Mafinga kwenda Makambako, yumbisha usukani taratibu kushoto kisha kulia. Ukienda kushoto uzito unalalia tairi za kulia, mvumo ukipanda hapo beringi ya gurudumu la kulia ndo inaaga, na kinyume chake. Usijaribu mteremko wa Kitonga aisee! Haisaidii kama mvumo unabadilika ukikanyaga au kuachia mafuta tu, hapo fungua difu kweli. Tairi za kashata (zenye meno makubwa) nazo zinadanganya, ila mvumo wake hubadilika lami ikibadilika.