Sheria za nyumbani tulizolelewa nazo: namna ya kuzirudisha bila fimbo

Waliolelewa na wazazi wakali hukumbuka fimbo kwanza: kijiti cha mpera, kandambili, mwiko wa ugali. Wakianza kuzitaja sheria zenyewe, kitu kingine hujitokeza. Sheria zilikuwa chache, kila moja ilikuwa na alama yake, na hata mtoto wa miaka 5 alizijua. Nyumba ilisimama kwa hayo. Mara nyingi fimbo ilijaza pengo la mafunzo: mtoto alichapwa kwa ugali wenye madonge ilhali hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kuusonga.

Anza kwa kukaa jioni moja na wote wanaolea mtoto huyo: mwenzio, bibi, shangazi, dada wa kazi. Andikeni kila sheria mnayoikumbuka kutoka kwenu. Pande mbili zitapishana, na ni heri mpishane hapo kuliko mbele ya mtoto. Kisha kila sheria iulizeni inalinda nini. "Usifagie usiku" ilikuwa na maana palipokuwa na kibatari tu, kwa sababu pete au sindano ingeondoka na takataka. Penye taa ya umeme haina kazi. "Usikalie kinu" ina maana hadi leo, maana kinu ni chombo cha chakula, ila mwambieni mtoto hivyo hivyo badala ya kumtisha kwamba atamletea mama yake balaa. Bakizeni sheria 5 hadi 7. Kwa aliye chini ya miaka 6, 3 zinatosha: kuamkia wakubwa, kunawa mikono kabla ya kula, na kutotoka nje ya uzio bila kuaga.

Sheria iwe na alama ya kuonekana au kusikika

"Usichelewe" si sheria, kwa sababu kila mtu ana kuchelewa kwake. "Adhana ya magharibi ikukute ndani" ni sheria. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi, na Mwanza huzama kama dakika 25 baadaye. Kwa hiyo anayefuata jua hahitaji saa, ila mzazi anayetaja saa kamili akumbuke kwamba mwezi wa pili kunakuwa bado kweupe pale ambapo mwezi wa tano kumeshaanza giza. Kama hakuna msikiti karibu, tumia taa ya barazani: ikiwashwa, mchezo umekwisha.

Mate yaliyotemwa chini, "yasikauke hujarudi," yalikuwa alama ya namna hiyo hiyo. Ubaya wake ni kwamba mtoto alikimbia bila kutazama barabara, na leo bodaboda ziko kila kona. Ukimtuma dukani, kwanza mfanye arudie maneno: nusu kilo ya sukari, robo ya mafuta, kiberiti kimoja. Hesabuni pamoja pesa anayokwenda nayo na chenji atakayorudi nayo. Mtoto wa miaka 7 anaweza vitu 2 au 3, vikizidi, mwandikie. Duka likiwa ng'ambo ya barabara kubwa, usimtume peke yake.

Fundisha kazi kwa mikono kabla ya kuidai

Hapa ndipo nyumba nyingi zilipokosea, na ndipo panapohitaji subira zaidi. Kazi moja huchukua hatua tatu: siku za kwanza unafanya yeye anatazama, kisha mnafanya pamoja, kisha anafanya wewe ukitazama bila kumnyang'anya. Ukiruka ya katikati, kazi itaharibika na utadhani mtoto ni mvivu.

Vyombo, kuanzia miaka 8. Glasi na vikombe vya chai vinatangulia, maji yakiwa bado safi, kisha sahani na vijiko, masufuria mwisho. Beseni moja la sabuni, mawili ya kusuuzia. Sufuria ya ugali ilowekwe maji baridi mara tu ugali unapopakuliwa; ukoko ukikauka, mtoto atakwangua kwa kisu na kuichubua sufuria. Wanaopikia kuni wapake nje ya sufuria majivu yaliyolowa au sabuni ya mche kabla ya kuibandika, na masizi yatatoka kwa kusugua kidogo tu.

Shati jeupe la shule, kuanzia miaka 9 au 10. Sare ivuliwe kabla ya kula, kwa sababu mchuzi ukikauka kwenye kitambaa cheupe hautoki kirahisi. Loweka nusu saa kwenye sabuni ya unga; likilala kwenye maji usiku kucha litanuka. Kola na pindo za mikono zipakwe sabuni ya mche zifikichwe nguo kwa nguo, maana brashi ngumu hula kola. Suuza mpaka povu liishe kabisa: sabuni iliyobaki ndiyo hugeuka unjano pasi ikipita. Buluu ikorogwe kwenye ndoo kwanza, ndipo shati liingie. Ikidondoka moja kwa moja kwenye nguo huacha madoa. Masika shati huenda lisikauke. Hilo ni kosa la mawingu, hivyo tafuteni shati la pili.

Pasi ya mkaa isiguswe na aliye chini ya miaka 12. Mkaa uwashiwe nje mpaka uwe makaa mekundu yasiyotoa moshi, pasi ifutwe kwenye jani la mgomba, na mtu apige pasi penye madirisha wazi. Makaa yasiyo na moshi bado hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Zamu ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mlango wa jikoni. Wavulana waoshe vyombo na wasichana wacheze mpira. Sheria za zamani ziliwatwisha mabinti karibu kila kitu, na hilo lisirudi.

Adhabu

Ifanane na kosa, itolewe siku ile ile, na mtoto aijue kabla hajakosea. Aliyepitisha magharibi nje, kesho hatoki kucheza. Aliyemwaga, anafuta. Kuvunja kikombe kwa bahati mbaya hakuna adhabu. Kuvificha vipande chini ya kabati ndiko kwenye adhabu, na tofauti hiyo isemwe wazi, la sivyo hofu itamfundisha uongo. Usimnyime chakula hata siku moja. Usiseme "ngoja baba yako arudi," kwa sababu mtoto hushinda na hofu kutwa nzima na baba hugeuka askari nyumbani kwake. Sheria pia ipo: kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 kinakataza adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, na ibara ya 29 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza adhabu ya kipigo.

Sheria mbili za zamani zikataliwe kabisa: "mkubwa hakosei" na "mambo ya ndani hayatoki nje." Zimewafunga midomo watoto wengi walioshikwa vibaya na ndugu au jirani. Mfundishe kuamkia kwa heshima, na umfundishe kwamba mwili wake ni wake na kwamba siri yoyote inayomuumiza inasemwa. Kwa Tanzania na Kenya, namba ya bure ya msaada kwa watoto ni 116. Iandikwe pale pale kwenye karatasi ya zamu.

Simu haikuwa kwenye sheria za wazazi wetu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na walio chini ya hapo wasipewe kabisa. Kwa wakubwa zaidi, alama ni soketi ya sebuleni: saa 3 usiku simu zote zinachajiwa hapo, pamoja na za baba na mama. Ya mzazi ikibaki chumbani, sheria hiyo imekufa. Likizo ya mwezi wa 6 na wa 12 ishusheni karatasi, muulizeni mtoto ni sheria gani imemshinda na kwa nini, mrekebishe, kisha muibandike upya.