Kozi ya kwanza ya GIS: ya kutayarisha ukiwa bado nyumbani Mombasa

Anza na namba mbili: -4.05 na 39.67. Hapo ndipo Mombasa ilipo, nyuzi nne na ushei kusini mwa ikweta, karibu nyuzi arubaini mashariki. Zikariri kama unavyokariri namba ya simu ya mamako. Wiki ya kwanza ya kozi ya mifumo ya taarifa za kijiografia, hiyo inayoitwa GIS, zitakufaa kuliko daftari zima.

Mimi sikuzikariri. Zoezi letu la kwanza lilikuwa kuweka kwenye ramani visima vya mtaa mmoja wa Kisauni, kutoka jedwali nililolichapa mwenyewe. Nikaingiza faili, kioo kikabaki cheupe. Nikabofya kitufe cha kusogea hadi data ilipo, na programu ya ramani ikanipeleka Hispania, kusini kidogo mwa Toledo. Kumbe nilikuwa nimegeuza safu, latitudo imekaa pa longitudo. Mwenzangu wa kando yeye alisahau alama ya kutoa, visima vyake vikaibukia kusini mwa Ethiopia. Tulichekana, lakini saa nzima ilikuwa imekwenda.

Sababu ni kwamba darasani tumezoea kutaja latitudo kwanza, ilhali programu inauliza X kisha Y, na X ni longitudo. Mtego mwingine uko kwenye dakika, yaani vipande 60 vya kila nyuzi. Fort Jesus iko takriban 4°03' kusini na 39°40' mashariki. Ukiandika -4.03 na 39.40 utaikuta ngome bara, upande wa Kinango, kilomita 30 hivi kutoka ilipojengwa. Dakika hugawanywa kwa 60, sekunde kwa 3600, ndipo zijumlishwe na nyuzi. Fanya hesabu hiyo kwa mkono mara tano kabla ya kozi, kwa mahali unapopajua: nyumbani kwenu, msikiti au kanisa lenu, stendi ya matatu. Kisha zitafute namba hizo kwenye ramani ya simu uone kama umefika.

Utakapoanza kupima umbali utaambiwa uache nyuzi na uhamie mita. Kwa upande wetu mfumo ni UTM, unaogawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita, ukanda wa 37 kusini, na kwenye programu hutafutwa kwa namba 32737. Humo Mombasa inageuka kuwa karibu 574,000 na 9,552,000. Usishtuke ukiona tarakimu ndefu hivyo, ni mita tu. Kuna jambo moja ambalo walimu wengine hulipita mbio: ramani za zamani za Survey of Kenya za 1:50,000 zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na GPS ya simu yako inatumia msingi mwingine, WGS 84. Ukizipandanisha bila kuiambia programu ipi ni ipi, vitu vinapishana karibu mita 300. Kwa Mji wa Kale, mita 300 zinatosha kuutoa msikiti mtaani na kuutosa baharini.

Kuhusu mashine sina mengi. Laptopu yenye RAM ya gigabaiti 8 inatosha kozi ya mwanzo. Programu ya QGIS ni ya bure, ArcGIS ya Esri ina leseni ya kulipia. Muulize mwalimu mapema mtatumia ipi na toleo gani. Faili la kusakinisha QGIS kwenye Windows linapita gigabaiti 1, kwa hiyo lipakue penye Wi-Fi, usilimalizie bando siku ya darasa watu wakikusubiri.

Faili ndizo zinazoangusha watu. Shepufaili, aina utakayokutana nayo kila mahali, si faili moja: .shp ina maumbo, .dbf ina jedwali, .shx ni faharasa ya maumbo hayo, na .prj inataja mfumo wa vipimo. Zote ziwe na jina moja na zikae folda moja. Ukimtumia mwenzio .shp peke yake kwa WhatsApp umempelekea kifuniko, sufuria imebaki kwako. Tena majina ya safu humo hayapiti herufi 10, kwa hiyo "idadi_ya_wakazi" itakatwa iwe "idadi_ya_w" na baada ya wiki mbili hukumbuki w ni nini. Mimi siku hizi nahifadhi kwa GeoPackage, faili moja tu. Tengeneza folda ya kozi leo, majina mafupi yasiyo na nafasi, na data asilia uiweke kando usiiguse.

Sasa swali. Usiende darasani na "nataka kuchora ramani ya Mombasa". Kaunti ina maeneo bunge sita, Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333. Chagua kipande na ulizie kitu kimoja. Tuseme unataka kujua nani yuko mbali na hospitali. Zoezi la kawaida ni kuzungushia kila hospitali duara la kilomita 2 na kuwahesabia walio ndani kuwa wamefikiwa. Jaribu kisiwani. Duara linavuka Kilindini bila feri wala foleni na kumwambia mama wa Likoni kwamba hospitali iko jirani. Kwa mstari ulionyooka ni kweli. Mama mwenyewe anajua kwamba kuna feri katikati, na saa kumi na mbili asubuhi anajua zaidi. Duara halijui maji. Ukienda na swali la namna hiyo, siku mwalimu atakapofika kwenye umbali wa kufuata barabara utakuwa unajua kwa nini anahangaika nao.

Bahari yenyewe ina hila nyingine. Ukipewa picha za setilaiti uchore ufuo, angalia saa zilipopigwa na hali ya maji. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kupwa na kujaa hapa hufika karibu mita 4. Picha ya Bamburi ya maji makavu ina mwamba na mchanga hadi mbali, ya maji makuu haina. Wanafunzi wawili wanaweza kuchora fukwe mbili, kila mmoja akaapa yake ndiyo sahihi. Mikoko ya Tudor ni hivyo hivyo. Waulize wavuvi, wana kalenda ya mwezi kichwani.

Kabla ya kwenda uwanjani jaribu simu yako. Mahali peupe kama Mama Ngina Drive GPS hukosea kwa mita chache, lakini kwenye vichochoro vya Mji wa Kale kuta ndefu huzuia anga na nukta inarukaruka hadi nyumba ya tatu. Simama, subiri, chukua mara mbili. Beba na kadibodi, karatasi na penseli, maana mchoro wa mkono unaokuonyesha mlango uko upande gani utakufaa jioni. Piga hodi, toa salamu, eleza unaandika nini. Kijana anayezunguka na simu akielekeza nyumba za watu huulizwa, na ana haki ya kuulizwa. Karibu na bandari au kambi usipige picha kabisa.

Na beba ekstensheni. Darasa letu lilikuwa na watu wengi, soketi mbili, na moja haikuwa na stima.