Jukwaa la Programu Unalolitegemea Likinunuliwa: Namna ya Kujiandaa

Habari za kununuliwa kwa jukwaa huja na ahadi kwamba hakuna kitakachobadilika, na kwa miezi ya mwanzo ahadi hiyo mara nyingi hutimizwa. Tarehe 4 Juni 2018 Microsoft ilitangaza kuinunua GitHub, jukwaa ambako wasanidi huhifadhi msimbo wa programu zao na kushirikiana, kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 7.5, ununuzi ulikamilika Oktoba, na Januari 2019 watumiaji wasiolipa wakaruhusiwa kufungua hazina za faragha (hifadhi za msimbo zisizoonekana na umma) bila kikomo cha idadi. Kwa hiyo usihame kwa hasira siku ya tangazo. Itumie siku hiyo kuorodhesha kila kitu ambacho kazi yako inakitegemea humo.

Orodha hiyo ndiyo sehemu ngumu. Msimbo wenyewe hausumbui, kwani amri ya `git clone --mirror` ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo, huleta matawi, lebo na historia yote. Kinachosahaulika ni vile vinavyouzunguka: ripoti za hitilafu, mijadala ya mapendekezo ya mabadiliko, funguo za siri (nywila ambazo programu hutumia kuingia kwenye huduma nyingine), ruhusa za wanatimu, na maelekezo ya majaribio ya kiotomatiki yaliyoandikwa kwa mtindo wa jukwaa hilo pekee. Toa nje kila kinachotoleka, kisha kirejeshe mahali pengine, walau kwa mradi mmoja mdogo. Funguo za siri kwa kawaida hazisomeki tena zikishaingizwa, hivyo zitunze kwingine tangu mwanzo. Nakala inayoonekana kamili inaweza kukosa viambatisho au majina ya waliochangia, na hilo hugundulika wakati wa kuirejesha tu.

Halafu zitazame bidhaa za mnunuzi. Mahali ambapo bidhaa mbili zinafanya kazi ileile, moja ina hatari ya kuachwa. GitHub ilikuwa na kihariri chake cha msimbo, Atom, na Microsoft ilikuwa na chake, Visual Studio Code. Atom ilistaafishwa tarehe 15 Desemba 2022. Ukiona zana yako iko katika hali hiyo, anza kuhama kabla hujaambiwa.

Kuhusu bei, subira ya mnunuzi isikulaghai: Salesforce ilitangaza kuinunua Heroku, jukwaa la kuendeshea programu mtandaoni, mwaka 2010, na mipango ya bure ikaondolewa Novemba 2022.

Mfano unaonifundisha zaidi ni Parse, huduma ya seva kwa programu za simu, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013. Januari 2016 wasanidi waliambiwa kwamba huduma ingefungwa baada ya mwaka mmoja, ingawa msimbo wa seva ulitolewa wazi ili kila mtu aweze kujiendeshea. Ugumu ulikuwa kwenye simu za watumiaji, kwa sababu programu iliyoelekezwa moja kwa moja kwenye anwani ya Parse haikuweza kuhama mpaka mwenye simu aisasishe. Pitisha basi mawasiliano yote kwenye jina la kikoa (anwani ya mtandaoni) unalolimiliki mwenyewe, ili siku ya kuhama ubadilishe mwelekeo upande wako tu.

Mwisho, fuatilia jukwaa linawajibika kwa nani. Agosti 2025, miaka saba baada ya tangazo, mkurugenzi mkuu wa GitHub, Thomas Dohmke, alitangaza kuondoka, na kampuni ikawekwa ndani ya kitengo cha akili mnemba cha Microsoft bila kuteuliwa mkurugenzi mkuu mwingine. Mabadiliko ya namna hiyo hayakatizi huduma yoyote siku yanapotangazwa, lakini ndiyo wakati wa kuifungua tena ile orodha na kurudia jaribio la kurejesha.