SOMO: Tauni, panya na viroboto. Ua kiroboto kwanza, panya baadae

Wakuu habari zenu, leo tuongee tauni. Kila nikiona watu wanajadili panya wote wanakimbilia sumu na mitego, hakuna anaeuliza kuhusu kiroboto wakati yeye ndo anaebeba balaa lenyewe, na ukimuua panya kabla ya kiroboto unaweza ukajiletea ugonjwa kwa mkono wako.

Iko hivi. Tauni inaletwa na bakteria anaitwa Yersinia pestis, jina limetoka kwa Alexandre Yersin aliemgundua Hong Kong mwaka 1894, halafu 1898 Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba kiroboto ndo anautoa ugonjwa kwa panya mmoja kwenda kwa mwingine. Kiroboto akinyonya damu ya panya mgonjwa wale bakteria wanazaliana ndani yake mpaka wanaganda na kuziba njia ya chakula, sasa kila akinyonya damu haishuki tumboni, njaa inamzidi, anauma huku anauma kule, na ile damu inagonga palipoziba inarudi kwenye jeraha ikiwa na bakteria. Panya akifa na mwili ukapoa, viroboto wanahama kutafuta damu ya moto, na kama panya wengine hakuna basi anaefuata ni wewe, mtoto wako au mbwa wako.

HATUA YA 1: Waangalie panya. Ukiona wanakufa wenyewe na hakuna aliyetega sumu, au mchana kweupe panya anayumbayumba wala hakimbii mtu, usimguse na watoto wasisogee. Toa taarifa kwa watu wa afya siku hiyohiyo, maana mara nyingi panya hufa kwanza ndo watu waanze kuugua.

HATUA YA 2: Malizana na viroboto. Hapa msiruke jamani. Tafuta dawa ya unga ya kuua wadudu (permethrin au deltamethrin), soma maelekezo ya kwenye pakiti, nyunyiza kwenye midomo ya mashimo na kwenye njia zao, utazijua kwa vinyesi na ule weusi wa mafuta ukutani wanapojisugua. Panya akipita unga unamganda kwenye manyoya, anaingia nao mpaka kwenye kiota, viroboto wanafia hukohuko. Usimwage karibu na chakula wala watoto wanapochezea. Mbwa na paka wapewe dawa yao ya viroboto, matandiko yafuliwe, na kama mnalala chini jitahidini kulala juu.

HATUA YA 3: Sasa panya. Viroboto wakishapungua ndo utege. Ila mitego peke yake ni kazi isiyoisha kama chakula kipo wazi, kwahiyo nafaka ziwe kwenye chombo cha mfuniko, taka zisilale ndani, na mashimo yazibwe kwa stili waya na saruji. Panya mdogo anapita kwenye tundu la unene wa kalamu, usidharau.

HATUA YA 4: Zijue dalili. Siku 1 hadi 7 baada ya kuambukizwa homa kali inakuja ghafla, baridi, kichwa, mwili kuisha nguvu, halafu mtoki unavimba na kuuma sana, mara nyingi kwenye kinena, saa ingine kwapani au shingoni. Bila matibabu aina hii inaua watu 30 hadi 60 kwa kila 100. Ya mapafu ni mbaya zaidi, mtu anakohoa, kifua kinabana, makohozi yana damu, na akichelewa kutibiwa kwa kawaida haponi. Dawa zipo (streptomycin, gentamicin, doxycycline, ciprofloxacin) na zikiwahi watu wanapona, lakini ni hospitali sio kujinunulia, maana penisilini haisaidii tauni na utakuwa umepoteza masaa ya muhimu.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, tauni si iliisha zamani?
Jibu: Hapana ndugu. Madagaska mwaka 2017 walihesabu wagonjwa zaidi ya 2,400 pamoja na wa kushukiwa, 209 wakafariki, na wengi ilikuwa ya mapafu. Kongo na Peru nako bado ipo.

Swali: Mi nina paka anakula panya balaa, si niko salama?
Jibu: Hapana dada, paka anaugua tauni vizuri tu akila panya mgonjwa na anaweza kukuambukiza kwa kukuuma, kukukwaruza au kukukoholea. Mbwa yeye mara nyingi haonyeshi dalili ila viroboto anakuletea mpaka kitandani.

Swali: Nimemuuguza mgonjwa wa tauni, nifanyeje?
Jibu: Kama ni ya mitoki hasambazi kirahisi, usiguse usaha tu. Kama ni ya mapafu nenda hospitali leo hata kama hujisikii kitu, kuna dawa ya kujikinga, doxycycline hupewa kwa siku 7. Anaekaa nae karibu avae barakoa. Na akifariki, msimuoshe wenyewe, waiteni watu wa afya wawaongoze.

Swali: Chanjo je?
Jibu: Shirika la Afya Duniani haliipendekezi kwa watu wote, ni kwa walio kwenye hatari kubwa kama wa maabara.

Swali: Nimechelewa kusoma, jana nimeweka sumu na leo kuna panya wawili wamekufa stoo, nifanyeje?
Jibu: Pole mkuu. Usiwashike wala usifagie kwanza. Vaa viatu vya kufunika na suruali ndefu, ingiza suruali ndani ya soksi, wapulizie dawa ya wadudu wao na sakafu inayowazunguka, toka, funga mlango, fuata muda ulioandikwa kwenye dawa. Ukirudi vaa glavu, watie kwenye mfuko wa plastiki, mfuko mwingine juu yake, wazike shimo refu au choma, nawa kwa sabuni. Sumu iliyobaki itoe, rudi hatua ya 2, na mtu yeyote hapo nyumbani akipata homa wiki hii mwambie daktari kwamba kulikuwa na panya waliokufa.