Kupitisha mabomba kwenye boriti za sakafu bila kuiua mbao (nyumba za Marekani)

Nyumba nyingi za Marekani zina sakafu ya plaiwudi juu ya boriti za mbao, mara nyingi inchi 16 kutoka moja hadi nyingine. Bomba gumu la PVC haliingii mzimamzima kwenye safu ya matundu, ndiyo maana mafundi wenye haraka hukata pengo ukingoni na kulilaza humo. Usifanye hivyo. Ukingo wa juu wa boriti unabanwa, wa chini unavutwa. Katikati ya kimo mbao inafanya kazi ndogo sana. Pengo la sehemu moja kwa sita ya kimo linaondoa karibu 30% ya nguvu mahali pale, ilhali tundu la theluthi ya kimo, likiwa katikati kabisa, linaondoa chini ya 4%.

1. Pima kimo halisi. Majina ya dukani (inchi za unene × kimo) si kipimo kamili: 2×8 ina kimo cha inchi 7¼, 2×10 ni 9¼, 2×12 ni 11¼.

2. Chagua njia kabla ya kushika drili. Bomba la choo la inchi 3 lina kipenyo cha nje cha inchi 3½. Kwenye 2×10 tundu halitakiwi kuzidi theluthi ya kimo, yaani inchi 3 na kidogo, kwa hiyo halipiti. Lilaze sambamba, kati ya boriti mbili. Kwenye 2×12 linapita, kwa kuwa theluthi yake ni 3¾.

3. Toboa kwa kanuni ya IRC (kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi zinazotumika Marekani). Tundu lisizidi theluthi ya kimo, na libaki angalau inchi 2 kutoka ukingo wa juu, ukingo wa chini, na tundu au pengo jingine lolote.

4. Piga hesabu ya mteremko. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Bomba la inchi 2 linataka robo inchi kwa kila futi, yaani, boriti zikiwa inchi 16 kutoka moja hadi nyingine, kila tundu lishuke theluthi ya inchi kuliko lililotangulia. Kwenye 2×10, ukitoboa inchi 2½, unaweza kuvuka boriti tisa kabla ya kugusa mpaka wa inchi 2. Kwenye 2×8, bomba la inchi 1½ lenye tundu la inchi 2 linavuka nne tu. Vuta uzi, weka alama zote, ndipo utoboe.

5. Kata bomba vipande vifupi, uviunganishe kwa viungio kati ya boriti. Gundi na viungio vinaongezeka, lakini mbao inapona.

6. Piga bamba la chuma mahali tundu liko chini ya inchi 1¼ kutoka ukingo wa mbao, msumari usije ukatoboa bomba. Tundu la boriti lililofuata hatua ya 3 halifiki huko. Ni nguzo za ukutani ndizo zinazohitaji zaidi.

Pengo likishindikana kukwepwa: kina kisizidi moja ya sita ya kimo, urefu theluthi ya kimo, na kamwe lisiwe kwenye theluthi ya kati ya urefu wa boriti.

Maswali ya wanachama

*Fundi aliyenitangulia alikata chini ya boriti ya bafuni, na sakafu inatikisika. Nijaze pengo kwa kipande cha mbao?*
Hapana, kipande hakiwezi kubeba mvutano wa ukingo wa chini. Inua taratibu kwa jeki, kisha ambatisha ubavuni boriti mpya ya kimo kilekile, ikae juu ya vihimili vyote viwili, kwa gundi ya ujenzi na bolti. Kama bomba linazuia, mwite mhandisi wa majengo.

*Boriti zangu zina umbo la herufi I, katikati ni ubao mwembamba. Kanuni ya theluthi inafaa?*
Haifai. Fuata jedwali la matundu la mtengenezaji wa boriti hizo. Mbao za juu na chini usiziguse hata kwa milimita moja.

*Choo kimeangukia juu ya boriti kabisa. Nifanyeje?*
Sogeza choo kama nafasi ipo. La sivyo boriti hiyo inakatwa, na ncha zake zinashikwa na boriti ya kukingama iliyofungwa kwenye boriti jirani. Kazi hiyo inahitaji kibali, na mkaguzi aione kabla hujafunika sakafu.