Jinsi ya kufundisha ngozi inavyomgundua kirusi, kwa singa za mkonge tu

Walimu wenzangu wa baiolojia, hasa mnaofundisha form five na six huku Tanga, mada ya RNA ya kirusi na uvimbe wa ngozi msiiruke jamani. Wengi tunachora mishale ubaoni, watoto wanakariri, basi. Kinachotakiwa ni singa za mkonge, na kwetu hazikosekani, agiza kwa mtu wa shambani Muheza au nunua kipande cha kamba pale Ngamiani ukifumue.

Mpe mwanafunzi singa moja, afumbe macho, aipitishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Inateleza. Hiyo ndo RNA yetu inayobeba ujumbe, uzi mmoja, vijikunjo inavyo lakini vifupi. Halafu chukua singa mbili uzisokote kwa kiganja juu ya paja, mpe tena akiwa bado kafumba macho, atakwambia mwenyewe mwalimu hii ina mabonde mabonde. Hapo nusu ya somo imeisha, manake virusi vingi vya RNA vikijinakili ndani ya seli vinaacha nyuzi mbili ndefu zilizosokotana, na mlinzi anayeitwa TLR3, protini ya seli, hasomi herufi za RNA hata moja, anapapasa umbo tu, mradi msokoto ufike kama jozi 40 hadi 50 za herufi.

Sasa wapange wanafunzi darasani, kila mmoja aigize protini yake. TLR3 akae ndani ya duara la chaki, ndo kile kifuko endosomu, yeye anakamata RNA iliyoingia kutoka nje, mfano mabaki ya seli jirani iliyokufa. Walinzi wengine wawili, RIG-I na MDA5, waranderande nje ya duara, kwenye saitoplazimu: RIG-I anashika ncha ya uzi yenye fosfeti tatu, MDA5 anashika nyuzi ndefu. Wa NF-kappa B, protini inayowasha jeni, ashikwe mkono kabisa na mwenzie, manake hiyo protini kweli inashikiliwa na protini nyingine, mmoja wa walinzi akipiga kelele anaachiwa anakimbilia kwenye kiini, IRF3, protini nyingine ya kuwasha jeni, naye anaingia, jeni za protini za kutuma ishara zinawashwa: intaferoni beta, IL-6, TNF, CXCL8. Hawasahau.

Kazia kwamba keratinosaiti, zile seli za tabaka la juu la ngozi, zinafanya haya zenyewe kabla seli nyeupe hazijamiminika. CXCL8 ndo inawaita neutrofili, aina ya seli nyeupe, mishipa midogo inatanuka na kuvujisha maji, ngozi inavimba na kupata moto. Vitabu vinasema inakuwa nyekundu, ila kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu unajificha, waambie waguse joto.

Maabara ya utafiti wala hawahitaji kirusi kuonyesha hili, wanawawekea keratinosaiti poly I:C, RNA ya kutengenezwa yenye nyuzi mbili, kisha wanapima jeni zipi zimewaka.

Lazima kuna mtoto atauliza kuhusu surua, maana kirusi chake ni cha RNA. Usimjibu harakaharaka kwamba vile vipele ni TLR3. Vipele vya surua vinatokana sana na seli T, aina nyingine ya seli nyeupe, zinazokuja kushambulia seli zenye kirusi kwenye ngozi, ndo maana mtoto ambaye seli T zake ni dhaifu anaweza kuugua surua kali bila kipele hata kimoja.