Kubadilishwa nyonga bila saruji ukiwa na baridi yabisi

Nyonga hii ya bandia haigandishwi kwa saruji ya mifupa; hushikwa na mfupa wenyewe, unaoota ndani ya chuma chenye vitundu. Baridi yabisi na prednisoloni (dawa ya steroidi) hudhoofisha mfupa, kwa hiyo unaweza kupasuka daktari anapogongea shina la nyonga hiyo ndani ya mfupa wa paja. Mfupa ukiwa dhaifu mno, saruji ni salama zaidi.

Methotreksati, dawa ya baridi yabisi, usiiache. Prednisoloni endelea na kipimo chako cha kila siku. Kuikatiza ghafla ni hatari kubwa. Adalimumabu, sindano ya baridi yabisi ya kila wiki 2: upasuaji uwe wiki ya 3 baada ya sindano ya mwisho, uianze tena kidonda kikishafunga, takriban siku 14. Omba eksirei ya shingo kabla ya nusukaputi, kwani baridi yabisi huweza kulegeza pingili za shingo.

Viganja vikiuma, taka magongo ya kuegemeza kigasha. Ukirudi Likoni, epuka mkeka na choo cha kuchuchumaa: nyonga ikikunjwa kupita nyuzi 90 yaweza kuteguka. Swala iwe kitini.